Sura ya Sita: Kulisoma Ini Bila Kulichoma Sindano

Katika karatasi ya picha kamili ya damu, chembe sahani huandikwa chini, karibu na mkiani. Juu yake zimetangulia chembe nyeupe za kila aina, halafu wingi wa damu, halafu ukubwa wa chembe nyekundu, na daktari mwenye foleni ya watu sitini nje ya mlango macho yake huishia kwenye wingi wa damu. Damu ikitosha, karatasi inarudi kwenye faili. Ndivyo mtu anavyoweza kuonekana na chembe sahani 142,000 mwaka huu, 118,000 mwaka unaofuata na 96,000 mwaka wa tatu, kila karatasi ikiwa imetolewa kwa sababu nyingine kabisa, malaria safari hii, jipu safari ile, na asitokee mtu wa kuzipanga zote tatu juu ya meza moja. Kisha usiku mmoja anaamka kichefuchefu kimembana, anawahi nje, na anachotapika ni damu. Beseni zima.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wazee walisema, na sijui kiungo kinachostahili methali hiyo kuliko ini. Nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu. Ni ule utando mwembamba unaolifunika ndio unaouma ukivutwa. Ini linaweza kuliwa na homa ya ini aina ya B kwa miaka ishirini, au na pombe, au na mafuta yanayojijenga ndani yake kwa mwenye kisukari, na mwenye nalo akalima, akasafiri, akalea watoto bila kuhisi kitu. Lugha yetu imeweka maumivu makali kabisa huko huko: neno baya hukata maini. Lakini maini yanapokatika kweli, hayalii.

Seli za ini zikifa, kovu hujaza pengo. Makovu yakiungana na kuligawa ini mafundo mafundo, hali hiyo huitwa sirosisi, jina lililotolewa mwaka 1819 na Mfaransa René Laennec, yuleyule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki la rangi, kwa sababu ya umanjano wa kahawia aliouona kwenye maini ya maiti. Watu wetu husema ini limesinyaa, au limekauka, na kwa maoni yangu wamelisema vizuri kuliko yeye. Rangi haimuui mtu. Kinachomuua ni ule ukavu.

Tazama njia ya damu. Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo, kwenye kongosho na kwenye bandama hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa na mshipa mmoja mnene, mshipa wa lango, unaoipeleka kwenye ini ikachujwe kwanza. Robo tatu hivi ya damu yote inayoingia kwenye ini hupitia lango hilo. Ini zima ni laini kama sifongo, na damu hupenya kwa nguvu ndogo sana: tofauti ya presha kati ya upande wa kuingilia na upande wa kutokea ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Likijaa makovu, damu inagota. Aliyewahi kulima mpunga wa mfereji anaijua hali hii. Tope likiziba mlango wa jaruba, maji hayangoji. Yanapanda nyuma, yanatafuta tuta lililo dhaifu, na yakilipata yanalibomoa.

Tuta dhaifu kuliko yote mwilini liko mwisho wa umio, pale chakula kinapoingilia tumboni. Vimishipa vya hapo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Vinatanuka, vinajipinda, kuta zake zinakonda. Tofauti ya presha ikifika 10, madhara yameanza kunyemelea. Ikifika 12, mishipa hiyo inaweza kupasuka. Presha hiyohiyo ndiyo inayovimbisha bandama, ndiyo inayosaidia maji kujaa tumboni, na ndiyo inayoifanya damu ya utumbo ilikwepe ini na kupanda na sumu zake mpaka kwenye ubongo. Ndugu wa mgonjwa huona maradhi manne na kuhangaikia kila moja kwa dawa yake, nami nimesikia familia zikijilaumu kwamba mgonjwa wao amepatwa na mkosi juu ya mkosi, wakati mzizi wa yote ni kwamba njia ya damu imeziba mahali pamoja.

Presha hiyo inaweza kupimwa yenyewe. Mpira mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa shingoni, ukapitishwa karibu na moyo mpaka kwenye mishipa ya ini. Ni kazi ya mtaalamu mwenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha mubashara, na hospitali zinazoifanya ni za kuhesabu. Mishipa ya umio nayo huonekana kwa kamera inayoshushwa kooni. Kamera hiyo inaokoa watu, kwa sababu anayeiona mishipa anaweza pia kuifunga kwa mpira, lakini katika wilaya nyingi haipo, na mgonjwa anayeambiwa asafiri kilomita mia mbili kumeza mpira wakati haumwi popote, mara nyingi hasafiri. Kuhusu sindano ya kutoa kinyama cha ini, Paul Ehrlich aliijaribu Ujerumani mwaka 1883, na Mwitaliano Giorgio Menghini akaifanya iwe ya haraka mwaka 1958. Kinyama kinachopatikana ni kama sehemu moja kati ya 50,000 ya ini zima. Kinaeleza makovu. Hakielezi kama mishipa ya umio iko tayari kupasuka.

Kwa hiyo swali la sura hii ni jepesi kuuliza: presha iliyojificha ndani ya tumbo inaacha alama gani nje, mahali mtu anapoweza kuisoma bila kisu, bila mpira, bila sindano ndefu?

Alama ya kwanza ndiyo ule mstari wa mkiani. Chembe sahani ni vipande vidogo vinavyoziba tundu la mshipa unapokatika. Mtu mzima mwenye afya ana 150,000 hadi 450,000 katika kila tone dogo la maikrolita moja, na karibu theluthi yake hukaa kwenye bandama kama akiba. Damu ikirudi nyuma kutoka kwenye ini, bandama huvimba, na bandama iliyovimba ni ghala lisilotosheka: huweza kufungia sehemu kubwa sana ya chembe sahani zote za mwili. Juu ya hapo, homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe sahani hutengenezwa na ini lenyewe, na ini lililosinyaa huitoa kidogo. Kiwango kinashuka kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana namba hii ya bei nafuu inasema mambo makubwa.

Ikiwa chembe sahani zinapungua kadiri bandama inavyokua, kwa nini zisisomwe pamoja? Hilo ndilo Edoardo Giannini na wenzake wa Genoa, Italia, walilolifanya mwaka 2003. Walichukua idadi ya chembe sahani, wakaigawanya kwa urefu wa bandama katika milimita kama unavyopimwa kwa altrasaundi. Jibu likiwa chini ya 909, kuna uwezekano mkubwa wa mishipa ya umio kuwa imevimba. Mwenye chembe sahani 180,000 na bandama ya milimita 110 anapata 1,636 na anaweza kupumua. Yule wetu wa 96,000, bandama yake ikiwa milimita 160, anapata 600. Hesabu hiyo inafanyika kwa kalamu nyuma ya bahasha, na vifaa vyake viwili vipo hata kwenye hospitali ya wilaya.

Kuna nyingine inayopendwa zaidi, inayoitwa FIB-4, iliyotokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kwa watu walioishi na virusi vya Ukimwi pamoja na homa ya ini aina ya C. Inahitaji umri, chembe sahani, na vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT. Unazidisha umri kwa AST. Kando unazidisha chembe sahani, kwa maelfu, kwa kipeuo cha pili cha ALT, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe inaleta ALT. Kisha unagawanya. Mtu wetu ana miaka 48, AST yake 70, ALT yake 49, chembe sahani 96. Juu tunapata 3,360. Chini, 96 mara 7, tunapata 672. Jibu ni 5 kamili, na watafiti walisema zaidi ya 3.25 ni dalili ya makovu mazito, chini ya 1.45 ni salama kiasi. Hesabu hii ina udhaifu wake: umri umo ndani, hivyo mzee wa miaka 75 anaonekana mgonjwa kuliko alivyo, na kijana wa miaka 28 anaonekana mzima kuliko alivyo. Kwetu, ambako homa ya ini aina ya B huambukizwa utotoni na kuharibu ini la mtu akiwa bado kijana, udhaifu huo wa pili unaniogopesha.

Dada yake mkubwa ni APRI, iliyotoka Michigan, Marekani, mwaka 2003, yenye AST na chembe sahani tu. Kisa chake ni cha kukumbukwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mwenye homa ya ini aina ya B ahesabiwe kuwa na sirosisi APRI yake ikizidi 2. Mtu wetu ana 1.8, hivyo angeambiwa bado. Takwimu za wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika zilipokusanywa na kulinganishwa na kipimo cha ugumu wa ini, ilionekana kwamba kigezo hicho kilikuwa kinawapita wengi mno wenye sirosisi. Mwaka 2024 shirika likakishusha mpaka 1. Hakuna ini lililobadilika kati ya miaka hiyo. Namba ilikuwa imetengenezwa kwa watu wengine, wenye kirusi kingine, na sisi tulikuwa tunaivaa kama nguo ya kuazima.

Sasa mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wafaransa walitengeneza chombo kinachoitwa FibroScan. Mgonjwa analala chali, mkono wa kulia kichwani, na kichwa cha chombo kinawekwa kati ya mbavu. Kinapiga kidundo kidogo, kama mtu anayejaribu tikiti kwa ncha ya kidole, na mtetemo unasafiri ndani ya ini huku altrasaundi ikiufuata na kupima mwendo wake. Katika nyama laini mtetemo huenda polepole. Katika nyama ngumu hukimbia. Vipimo 10 huchukuliwa, na jibu hutolewa kwa kilopaskali. Ini zima huwa karibu na 5. Mgonjwa asile kwa saa tatu kabla, kwa maana chakula huongeza damu kwenye ini na kulifanya lionekane gumu. Homa ya ini iliyochachamaa hufanya hivyohivyo, na moyo uliochoka, na njia ya nyongo iliyoziba. Tumbo lililojaa maji halipimiki kabisa kwa chombo hiki, maana mtetemo wa aina hiyo haupiti kwenye maji.

Wataalamu wa presha ya mshipa wa lango hukutana kila baada ya miaka kadhaa chini ya jina la Baveno, mji mdogo kando ya Ziwa Maggiore, Italia, walikoanza kukutana mwaka 1990. Mwaka 2015 walikubaliana jambo lililowapunguzia wagonjwa wengi safari ya kamera: mwenye sirosisi isiyo na dalili, ini lake likiwa chini ya kilopaskali 20 na chembe sahani zikizidi 150,000, hana haja ya kumulikwa umio kwa sasa, kwa sababu uwezekano wa kuwa na mishipa ya hatari haufiki asilimia 5. Mwaka 2021 wakaongeza. Ugumu usiozidi 15 pamoja na chembe sahani 150,000 au zaidi, presha ya kutisha haipo. Ugumu wa 25 au zaidi, kwa wagonjwa wengi, presha ipo, hata kama mtu anacheza mpira kila jioni.

Mtu anaweza kuuliza faida ya kujua presha ipo kwa mtu asiyeumwa. Faida ni kidonge. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba propranololi, dawa ya zamani ya moyo, inazuia waliokwishatapika damu wasirudie. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania wakachapisha kazi iliyofanywa katika hospitali 8 kwa watu 201 wenye sirosisi na presha iliyopanda lakini bado hawajapata dhara lolote. Waliopewa dawa za kundi hilo, propranololi au kavediloli, 16 kati ya 100 walifikia kwenye kujaa maji, kutokwa damu, kuvurugika akili au kufa kwa ini. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 27 kati ya 101. Propranololi ipo kwenye maduka ya dawa ya wilayani. Mwenye pumu haimfai, na presha ya kawaida na mapigo ya moyo lazima vifuatiliwe, lakini ni dawa ambayo mkulima anaweza kuimudu. Nikisoma matokeo hayo huwa nawaza zile karatasi tatu kwenye faili.

Ila sheria za Baveno ziliandikwa kwa maini ya Ulaya. Mtu wa Ukerewe au Sengerema, au wa ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda, anaweza kuwa na presha ileile bila kuwa na sirosisi hata chembe. Kinachomtafuna ni kichocho cha tumbo. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu mpaka kwenye matawi ya mshipa wa lango na kunasa. Kovu hujengeka kuzunguka matawi hayo. Mwaka 1904 William Symmers, akifanya kazi Cairo, alilikata ini la namna hiyo na kuona makovu meupe yaliyofanana na mirija ya kiko cha udongo. Seli za ini zinabaki zima, kati ya mirija hiyo. Macho hayana manjano. Protini za damu ziko sawa. Presha, hata hivyo, iko juu, bandama imeshuka mpaka kitovuni, na umio umejaa mishipa.

Hapo mashine ya kupima ugumu inaweza kudanganyika, kwa sababu nyama inayoipiga ni laini. Kilicho kigumu ni mirija ndani yake. Kijana wa mwaloni anaweza kupata kilopaskali 7 leo na kutapika damu wiki ijayo. Na kuna mtego wa upande wa pili: bandama kubwa na chembe sahani chache zinaweza kuwa kazi ya malaria ya miaka mingi, kwa mtu ambaye umio wake hauna mshipa hata mmoja uliovimba. Hivyo katika Kanda ya Ziwa bandama inasema kweli, lakini inasema kwa niaba ya wenye kesi watatu, na asikilizaye lazima aulize inayemsemea ni nani. Maswali ya kumfungulia mlango ni ya kawaida: amekulia wapi, alioga ziwani akiwa mtoto, choo chake kimepimwa mayai ya kichocho, damu yake imepimwa homa ya ini?

Kinachotenganisha kesi hizo vizuri ni altrasaundi ya kawaida mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, Niger, wakapatana namna moja ya kulisoma ini lenye kichocho: picha za kulinganishia zenye herufi, kuanzia ini safi mpaka lile ambalo mirija yake imenenepa na kung'aa, pamoja na kipimo cha upana wa mshipa wa lango. Huo ni ujuzi uliofanyiwa kazi kwa ajili ya watu kama wetu, na ningependa uonekane ukutani kwenye kila chumba cha altrasaundi kando ya ziwa, pale ambapo mara nyingi pamebandikwa tangazo la kulipia kwanza.

Maji ya tumboni hayahitaji maelezo marefu. Mara nyingi mgonjwa ndiye wa kwanza kuyajua, mkanda unapohitaji tundu jingine huku mikono ikizidi kukonda. Kwa kugonga tumbo kwa vidole, daktari huyapata yakifika karibu lita moja na nusu. Altrasaundi huyaona yakiwa mililita 100 tu. Mizani ya nyumbani nayo ni kipimo kizuri, maana mwili haunenepi kilo tatu kwa wiki moja kwa kula ugali. Lakini hapa sindano ina zamu yake, na asiwepo wa kuikwepa. Maji hayo yanaweza kuingiwa na bakteria bila tumbo kuuma wala homa kupanda, na njia ya kujua ni kuyavuta kidogo na kuhesabu chembe nyeupe za aina ya nutrofili: 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, dawa inaanza siku hiyohiyo. Sijui kipimo cha damu kinachoweza kusimama badala yake. Mgonjwa mwenye maji tumboni anayelazwa hospitali kwa sababu yoyote ile anastahili sindano hiyo.

Figo nazo hufuata. Kreatinini ndiyo hupimwa, na inapotosha, kwa sababu hutoka kwenye misuli, na mwenye sirosisi misuli yake imekwisha. Namba inayoonekana nzuri kwa mwanamume aliyenona inaweza kuwa mbaya kwa huyu. Kilicho na maana ni kupanda kwake kutoka ilikokuwa wiki iliyopita.

Saratani huja kimya kuliko yote. Mwaka 1963 Garri Abelev, Moscow, aligundua kwamba panya wenye uvimbe wa ini hutoa protini ambayo kwa kawaida hutengenezwa na mimba tu. Kwa binadamu ndiyo kipimo tunachokiita AFP. Kikizidi nanogramu 20 kwa mililita, ini linatakiwa litazamwe upya kwa picha nzuri zaidi. Uvimbe mwingi hauipandishi, hivyo AFP peke yake si ngao. Mwenza wake ni altrasaundi kila baada ya miezi 6, mwaka hadi mwaka, hata mtu akijisikia mzima. Kwetu kuna sababu ya ziada ya kutolegea, nayo imo kwenye ghala la mahindi na gunia la karanga. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125. Hiyo ni sumu ya kipimo kikubwa. Kipimo kidogo, kinacholiwa miaka mingi na mtu mwenye homa ya ini aina ya B, huzidisha hatari ya saratani mara nyingi kuliko kila kimoja kingekuwa peke yake.

Nimeuacha ubongo mwisho kwa sababu ndio unaovunja familia. Sumu za utumbo, amonia ikiwemo, zikilikwepa ini, mtu hubadilika polepole. Analala mchana na kukesha usiku. Anatoa chenji vibaya dukani. Mwandiko wake unaharibika. Anakuwa mkali kwa mke aliyekuwa akimheshimu. Watu husema amerudia pombe, au amerogwa, au amepandisha, na hupelekwa kila mahali isipokuwa hospitali. Ukimwambia anyooshe mikono na kukunja viganja juu kama mtu anayesimamisha gari, viganja huanguka na kuinuka, huanguka na kuinuka. Hiyo tayari ni hatua iliyokwisha kwenda mbali.

Ya mapema hupatikana kwa kipimo ambacho hakina hata kalamu. Mwaka 2017 watafiti wa Padova, Italia, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba inatosha kumwambia mgonjwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Akipita 15, akili yake iko sawa kwa kiasi kikubwa. Asipofika 10, ubongo umeguswa. Walirekebisha hesabu kwa wazee sana na kwa waliosoma miaka michache. Sisi tuna la kurekebisha zaidi, nalo ni neno lenyewe. Mwambie mtu wa Musoma ataje wanyama, atakwambia ng'ombe, mbuzi, kondoo, simba, fisi, halafu atanyamaza. Kwake kuku ni ndege, sangara ni samaki, nyuki ni mdudu, na kamwe hataviita wanyama. Amekosa namba kwa sababu ya Kiswahili chake kizuri. Mpimaji aanze kwa kusema wazi kwamba ndege wamo, samaki wamo, wadudu wamo, kisha ndipo awashe saa.

Kipimo hiki si cha kumtibia mtu nyumbani. Ni cha kujua lini afikishwe hospitali, ambako laktulosi humfungua tumbo na kutoa sumu, na chanzo kikatafutwa: choo kigumu, damu inayovuja, maji yaliyoingiwa na bakteria. Ndiyo maana namuona mtu wa kukikabidhi kuwa ni yule anayelala naye nyumba moja. Mke ana simu yenye saa. Kila Jumapili baada ya chai anamwambia mumewe haya, wanyama, na ndege, na samaki, na wadudu, naye anahesabu kwa vidole. Kisha anaandika kwenye kalenda ya ukutani, ndani ya kile kisanduku cha tarehe. 17. 16. 17. 13. Jumapili iliyofuata ni 9, na kabla ya saa nne asubuhi wameshapanda gari, kalenda imekunjwa mkononi mwake ili daktari aione yote.